Baiskeli ya Digidigi Mlangoni kwa Fisi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kupanda baiskeli, walikuwepo marafiki watatu: Pimbi, Digidigi na Kanga. Kila mmoja aliishi mbali na wenzake. Wakatumiana salamu, wakapatana wakutane juu ya mlima, kisha waendeshe pamoja siku kumi mpaka ziwani.

Pimbi aliisukuma baiskeli yake kuupanda ule mlima tangu alfajiri. Njia ilijikunja ghafla kando ya korongo, na ukichungulia chini unashikwa na kizunguzungu. Alipofika juu, jua la utosi likiwaka, aliona kibanda cha chai. Baiskeli nyekundu ya Digidigi ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Digi! Digi wee!" akaita kwa furaha, akapiga kengele. Ngri-ngri! Ngri-ngri!

Akatoka Fisi, anajipangusa mdomo.

"Karibu mgeni, karibu! Mwenzako kafika zamani. Kachoka, kalala chumbani. Keti upate chai."

Pimbi akaketi. Pale mekoni mke wa Fisi alikuwa akikoroga chungu. Tokota, tokota, tokota. Mara mwiko ukaibua kitu kidogo cheusi, kikazama tena.

Ilikuwa kwato.

Pimbi alitaka kupiga yowe. Akauma meno, akapiga funda la chai.

"Huyo Kanga wenu," mke wa Fisi akauliza, "eti amenona? Mwenzako alituambia anafika alasiri."

"Amenona," Pimbi akajibu, akakohoa ili sauti isimsaliti.

Akaelewa yote. Hawa wameshiba kwa sasa, ndiyo maana yeye yu hai. Akikimbia, hafiki hatua kumi. Na Kanga atakuja akipiga kengele kwa furaha, vilevile kama alivyokuja yeye.

Akaweka kikombe chini.

"Ila Kanga ni manyoya tu, shemeji. Bondeni huko nimewapita swala sita, wanene, miguu imewavimba kwa safari. Wamelala tu, hata kusimama hawawezi."

"Swala sita!" Fisi akaruka. Mate chururu! "Wako wapi?"

"Chini kabisa. Lakini jua likipungua wataondoka. Kwa miguu hamuwahi."

Fisi akaitazama ile baiskeli nyekundu. "Na hii je?"

"Hiyo mtawahi. Unakalia, unashika usukani, mteremko wenyewe unakupeleka. Ngoja nikutilie mafuta kwenye mnyororo."

Akainama nyuma ya gurudumu. Akang'oa mipira ya breki kwa meno, mmoja baada ya mwingine, akaificha shavuni. Kwenye tandiko palikuwa na manyoya ya kijivu ya Digidigi.

"Wewe mke wangu baki umlinde huyu," Fisi akasema.

"Nibaki? Uende ukale swala sita peke yako? Thubutu!" Mkewe akarukia keria, akamkumbatia mumewe kiunoni. "Na wewe kajimnyama, uchochee moto! Tukirudi tusikukute, tutakufuata popote!"

Pimbi akaitikia kwa kichwa tu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Wakaondoka. Kwanza polepole, kwichi, kwichi. Kisha vuuuuu!

"Punguza, baba! Kona ile!"

"Breki! Breki haishiki! Mama yangu wee!"

Mayowe yakaenda yakididimia. Halafu puu! Mawe yakaporomoka nyuma yao, kisha kukawa kimya.

Pimbi akatema ile mipira, akaketi kizingitini, akalia.

Alasiri Kanga akafika, ngri-ngri, anahema, manyoya yamejaa vumbi.

"Pimbi ndugu yangu! Nimekaribia kufa kwa kiu. Digi yuko wapi?"

Pimbi akamwonyesha chungu.

Kanga akachungulia. Akarudi nyuma, akajifunika uso kwa mbawa.

"Alikuwa wa kwanza kufika," akasema. "Siku zote yeye ndiye wa kwanza."

"Mimi ningeamka mapema zaidi..." Pimbi akaanza.

"Ungekuwa humo naye. Nyamaza. Lete jembe."

Wakachimba nyuma ya kibanda, wakamzika Digidigi pamoja na chungu chenyewe, wakapanga mawe juu. Hawakwenda ziwani. Wakageuza njia, wakaenda kumpa mama yake Digidigi habari, siku tatu za kuendesha. Mpaka wanafika hakuna aliyepiga kengele.

Basi wanangu, tamaa iliyomuua Digidigi ndiyo hiyohiyo iliyowatupa Fisi na mkewe korongoni.