Khuzaima bin Dinari na Kisima cha Watengeneza Ngozi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Tell Rummani, nchi ya Shamu, alikuwako mtu mcha Mungu aliyeitwa Khuzaima bin Dinari. Wapo wanaomwita Khuzaima al-Attari. Hilo ni kosa. Al-Attari alikuwa mtu mwingine, muuza manukato, wala hana sehemu katika kisa hiki.

Huyu bin Dinari alikuwa na kazi moja katika mahakama ya kadhi, nayo ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Shahidi alipoletwa, kadhi hakulipokea neno lake mpaka ajue ni mtu wa namna gani. Hapo Khuzaima hutumwa kuulizia habari zake kwa watu: Je, fulani husali? Hurudisha amana? Hujulikana kwa uongo? Kisha hurudi akasimama mbele ya kadhi na kusema moja kati ya maneno mawili. Ama husema, "Ni mwadilifu," ama husema, "Simjui kwa kheri." Kwa neno la kwanza haki ya mtu ilisimama, na kwa la pili ilianguka. Alikuwa mtu wa kufunga na kusali, mwenye maneno machache, asiyepokea zawadi ya yeyote hata tende moja. Mjini hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema uongo.

Nje kidogo ya ukuta wa mji palikuwa na mtaa wa watengeneza ngozi. Kazi yao ilikuwa kuloweka ngozi mbichi katika mashimo ya chokaa, kuzikwangua manyoya na kuzilainisha, na harufu ya kazi hiyo ilifika mbali. Watu wa mjini walivaa viatu vyao na kubebea maji katika viriba vyao, lakini hawakuoa kwao, wala hawakuingia kwao.

Mtaa ule ulikuwa na kisima kimoja tu. Bibi Hamduna binti Safwani, aliyekuwa na shamba upande huo, alikitoa wakfu kwa watengeneza ngozi kabla ya kufa kwake. Hakuandika. Alitamka kwa ulimi wake mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi, na kati ya waliomsikia walibaki hai wawili, Anbari bin Salitu na nduguye Kathiri, wote watengeneza ngozi. Baadaye shamba lile likanunuliwa na tajiri Ghalibu bin Marwani. Akajenga ukuta kuzunguka bustani yake, na ukuta ulipokamilika, kisima kilikuwa ndani.

Wanawake wakaanza kuteka maji mtoni, chini ya mahali ambapo maji ya mashimo ya ngozi humwagika. Watoto wakaharisha, na wengine wakazikwa. Mjane mmoja, Rayhana binti Shamimu, alipomzika bintiye, hakumaliza hata siku za matanga. Alijifunga ushungi wake akaenda mahakamani kumshitaki Ghalibu.

Kadhi wa mji alikuwa Wathila bin Asadi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mtu mkali asiyependa maneno mengi. Akamuuliza, "Unao mashahidi?"

"Ninao wawili, Bwana Kadhi. Anbari na Kathiri, wana wa Salitu."

Ghalibu akacheka waziwazi. "Tangu lini mahakama hii ikapokea neno la mtengeneza ngozi?"

Kadhi alimgeukia Khuzaima, akasema, "Ulizia habari zao. Baada ya sala ya Ijumaa uje unieleze."

Alasiri ile ile Ghalibu alifika nyumbani kwa Khuzaima. Haikuwa ajabu, kwa kuwa kijana wake alikuwa amemposa Lubaba, binti pekee wa Khuzaima, na harusi ilikaribia. Walikunywa sharubati, wakaulizana hali. Kisha Ghalibu akasema kwa upole, "Sheikh, wewe na mimi tunaelekea kuwa ndugu. Siwezi kukuomba useme uongo. Nakuomba useme lile ulilolisema siku zote juu ya watu wale."

Khuzaima alilitafakari neno lile baada ya mgeni kuondoka, na hakuona ubaya ndani yake. Kweli, ndivyo alivyosema siku zote.

Asubuhi alitoka kwenda kuulizia, na alikwenda pale alipokwenda kila mara, kwa Nasri muuza nafaka, ambaye duka lake lilikuwa penye kona ya njia iendayo mtaa wa ngozi.

"Nasri, niambie. Anbari bin Salitu ni mtu wa namna gani?"

"Ah, Sheikh, si wale wale? Watu wa ngozi. Hatuwajui kwa kheri."

Kwa kawaida Khuzaima angeshukuru na kugeuka. Siku ile, sijui ni maneno ya Ghalibu yaliyomkaa rohoni au ni taufiki ya Mola wake, aliuliza swali moja zaidi. "Umemjuaje?"

Nasri akaacha kupepeta. "Mimi? Mimi sijapata kufika huko, Sheikh. Nani aende kule? Lakini kila mtu anajua kwamba mahakama haipokei ushahidi wao. Wangekuwa watu wema, wewe si ungesema?"

Khuzaima alisimama pale, wateja wakimpita na kumsalimia, naye hakuitikia. Kwa miaka yote ile alikuwa amemuuliza Nasri juu ya watengeneza ngozi, na Nasri alikuwa amemrudishia neno lake mwenyewe. Yeye alilipeleka kwa kadhi, kadhi akahukumu kwalo, hukumu ikamfikia Nasri, na Nasri akampa tena. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika mzunguko ule aliyekuwa ameingia mtaani na kutazama.

Akaukusanya upindo wa joho lake, akaingia.

Wa kwanza kumwona alikuwa Rayhana, aliyekuwa akishusha mtungi kichwani. "Karibu, Sheikh," alisema. "Umepotea njia?"

"Sijapotea, bibi. Nimechelewa."

Hakumuuliza yeye, kwa kuwa yeye ndiye mdai. Aliwauliza wengine, nyumba kwa nyumba, na watu walimtazama kwa mashaka, kama atazamwavyo mtoza kodi. Mwisho alielekezwa kwa mwanamke mmoja aitwaye Zunaira binti Labibu, ambaye, waliambizana wakicheka, alikuwa amegombana na Anbari tangu ujana wao.

"Anbari?" Zunaira akadakia. "Simpendi, na ukitaka nitakwambia mbele yake. Ana kiburi, ana mdomo, na mbuzi wake amenilia mboga zangu mpaka mizizi."

"Na ni mwongo?"

Ilionekana wazi kwamba Zunaira angetoa kitu cha thamani ili aweze kusema ndiyo. "Hapana," alisema mwisho, kwa uchungu. "Mbuzi alipokula mboga hakuna aliyeona. Alikuja mwenyewe kuniambia. Ndiyo maana simpendi. Hanipi hata nafasi ya kumshinda."

Khuzaima aliuliza mpaka akatosheka, juu ya Anbari na juu ya Kathiri, na hakupata mahali pa kuwatia doa. Lakini alipokuwa akitoka, moyo wake ulikuwa mzito. Rayhana alimwona, akamfuata mpaka mwisho wa mtaa.

"Utasema nini, Sheikh?"

"Nitasema ni waadilifu. Lakini Ghalibu si mjinga. Ataniuliza mbona huko nyuma niliwakataa watu wa hapa. Nikikiri kwamba nilisema bila kujua, kadhi ataliangusha neno langu, na mashahidi wako wataanguka pamoja nalo."

Mjane yule alifikiri kidogo tu. "Basi usikiri. Sema tulikuwa wabaya, sasa tumetubu. Toba si jambo jema? Kadhi atafurahi."

"Lakini hamkuwa wabaya."

"Sheikh, sisi tumezoea kusemwa. Neno moja zaidi halitatuua. Maji yanatuua."

Khuzaima akashika njia ya kwao. Nyumbani alimweleza Lubaba habari yote, kwa kuwa ilimhusu na harusi yake. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, posa nakuachia wewe. Lakini uongo huo hata mimi ningependa uuseme. Watapata maji, nawe utabaki na heshima yako. Nani ataumia?"

"Hilo ndilo linalonitisha, mwanangu. Uongo mbaya nimejua kuukimbia tangu utotoni. Huu umekuja umevaa kanzu ya sadaka."

Alisali akimwomba Mola wake amwonyeshe njia ambayo mjane angepata haki bila yeye kusema asilolijua. Hakuonyeshwa. Ilifika Ijumaa naye hajaiona, akaenda hivyo hivyo, akiwa na ukweli peke yake na hofu ya kuwaangamiza watu kwa ukweli huo.

Baada ya sala mahakama ilijaa. Watengeneza ngozi walisimama nyuma karibu na mlango, na waliokuwa jirani nao walisogea pembeni. Kadhi Wathila akasema, "Khuzaima, umewaonaje?"

"Ni waadilifu wote wawili, Bwana Kadhi."

Pakawa na minong'ono. Ghalibu akainuka kwa utulivu. "Sheikh Khuzaima, kila mtu hapa amekusikia ukisema juu ya watu wa mtaa huo kwamba huwajui kwa kheri. Sasa tueleze. Ulikosea wakati ule, au unakosea leo? Au labda," aliongeza akitabasamu, kwani alitaka kumwachia mkwewe mtarajiwa mlango wa kuokoa heshima, naye hakuiogopa toba isiyo na ushahidi, "walikuwa waovu, nao wametubu?"

Mlango ulikuwa wazi. Khuzaima alimwona Rayhana kule nyuma akimwashiria kwa kichwa kumhimiza: pita, pita.

"Hawakubadilika," alisema Khuzaima. "Walikuwa hivi walivyo. Mimi ndiye sikupata kuingia kwao. Niliuliza nje ya mtaa, kwa mtu asiyewajua, na nikalileta neno lake hapa kama elimu. Kila mtengeneza ngozi niliyemkataa mbele ya kadhi, nilimkataa bila kumjua."

Rayhana akajifunika uso. Ghalibu akaketi, akakunja mikono.

Kadhi Wathila alimwita Khuzaima asogee mbele. Kisha akasema, "Khuzaima bin Dinari, mtu anayewasemea watu asilolijua siwezi kupokea neno lake. Sifa uliyowapa leo imeanguka. Tangu sasa huna kazi katika mahakama hii."

"Nimesikia na nimetii."

"Si nilikwambia!" Rayhana alipaza sauti kutoka nyuma. "Si nilikwambia, Sheikh!"

"Nyamaza, mwanamke, sijamaliza," alisema kadhi, lakini hakusema kwa ukali. "Sifa aliyowapa leo imeanguka. Na lawama alizowapa zamani nazo zimeanguka, zote, kwa sababu hiyo hiyo. Angesema wametubu, lawama ile ingebaki, na kila mmoja wao angelazimika kuthibitisha toba ya dhambi asiyoifanya. Sasa nikitazama mbele yangu sioni lawama yoyote. Na Mwislamu asiye na lawama, asili yake ni uadilifu, mpaka aje mtu na jambo analolijua." Akamgeukia tajiri. "Ghalibu, unalo jambo unalolijua juu ya Anbari bin Salitu?"

"Ni mtengeneza ngozi."

"Hiyo ni kazi yake. Nimekuuliza jambo."

Ghalibu akatazama kulia na kushoto. Hakuwahi kuzungumza na Anbari maishani mwake.

"Je, yupo yeyote hapa mwenye jambo?" kadhi akauliza mara ya pili. Wakasema baadaye kwamba Zunaira alifungua kinywa, akamtazama Anbari, akakifunga.

"Anbari bin Salitu," alisema kadhi, "njoo mbele useme ulichokisikia kwa Bibi Hamduna."

Anbari akaja mbele. Walimpisha njia, na alitembea polepole, kwa kuwa hakuna mtu wa kazi yake aliyepata kuitwa kwa jina lake na la baba yake mahali pale. Alieleza wakfu ule, na Kathiri akaeleza baada yake, wakaafikiana. Kabla ya magharibi ukuta ulitobolewa upande wa kisima, na watoto wa mtaa walikuwa wa kwanza kupita.

Posa ilivunjwa kesho yake. Lubaba alilia kwa siku kadhaa, kisha akasema kwamba afadhali amejua mapema ni ukoo wa namna gani. Khuzaima naye alizunguka mtaani akiwaomba radhi wale aliowaangusha, au watoto wao pale ambapo wenyewe walikwisha kufa. Wengi walimsamehe. Wapo waliomwambia kwamba bado hawajaweza, naye hakuwalaumu, alisema tu atarudi. Na kadhi Wathila alitangaza kwamba kila aliyenyimwa haki kwa kukataliwa shahidi wake wa mtaa ule aje asikilizwe upya. Walikuja. Foleni ilifika mlango wa msikiti.

Ndugu zangu, hata leo ipo mitaa ambayo mwenyeji wake akitaja anakoishi, mwandika maelezo wa polisi huweka kalamu chini. Wapo watumishi wa nyumbani ambao neno lao halina uzito mbele ya neno la tajiri wao, na wapo wageni na wachuuzi wanaohukumiwa kwa sifa ambayo hakuna anayejua ilianzia wapi. Tukimuuliza jirani, husema ndivyo isemwavyo, na anayesema huwa ametusikia sisi. Mzunguko huo hauhitaji mtu mwovu ili uendelee. Huendelea kwa watu wema wasioingia na kutazama. Lakini mmoja akitoka ndani yake na kusema, "Hili mimi sikulijua," hukatika, na haki ya wengi hupata pa kupitia. Mola wetu atujaalie ujasiri wa kulisema neno hilo tungali hai, na mbele ya wale tuliowadhulumu.