Mwenye Nyumba Aliyekataza Hodi

Ndugu zangu, kabla hatujafunga neno la leo, nataka niwaambie habari ya mwenye nyumba mmoja. Wapangaji mliomo humu naona mmeshaanza kununa. Ngojeni kwanza. Huyu alikuwa mwenye nyumba mzuri.

Alikuwa na vyumba sita vya kupangisha, mstari mmoja ndani ya ua, na yeye mwenyewe alikaa katika nyumba ndogo upande wa pili wa ua huohuo. Kazi zote alizifanya kwa mikono yake. Mvua hazijaanza, yeye yuko juu ya paa, anazoa majani kwenye mifereji na kugongomea misumari iliyolegea. Ufa ukitokea ukutani, aliuwekea alama ya penseli na tarehe, kisha akarudi baada ya mwezi kuona kama umekua. Mpangaji akihama, hakuingia mwingine kabla chumba hakijapakwa rangi na kitasa kubadilishwa. Gari la kunyonya choo aliliita mapema, shimo halijajaa. Niambieni, wenye nyumba mliomo humu, ni wangapi wetu tunafanya hivyo? Si wengi tunangoja mpaka maji yaingie kitandani kwa mtu?

Basi mtu huyu akafiwa na mke wake. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mbali, akaja kuzika, akarudi kwake. Nyumba ikabaki kimya. Wapangaji walikuja kama walivyozoea: leo bomba linavuja, kesho swichi imeungua. Na kila aliyekuja alisimama pale mlangoni, akatazama kiti alichozoea kukalia marehemu, akasema, "Pole, Baba." Mzee akachoka na pole. Akatengeneza kisanduku cha mbao chenye kifuniko, akakipigilia kwenye mlango wake kwa nje, akawaita wapangaji wote.

"Kuanzia leo," akasema, "mwenye tatizo aandike kwenye karatasi na namba ya chumba, atumbukize humu. Nitatengeneza siku hiyohiyo. Ila hodi mlangoni kwangu sitaki."

Mpangaji wa chumba namba nne, dada mmoja anayeshona sare za shule, akauliza, "Na kama ni salamu tu, Baba?"

"Salamu haihitaji fundi," akamjibu.

Na kweli alitimiza. Karatasi ikiingia asubuhi, mchana kazi imekwisha. Wapangaji wakajisifu kwa watu wa mtaa: kwetu hakuna bomba linalolia, hakuna mlango unaokwaruza. Mwaka ukapita, ukaja wa pili.

Lakini jioni, wapangaji walipokuwa wakipika uani na kucheka, mzee alikuwa akisimama nyuma ya pazia anasikiliza. Siku moja alishindwa kuvumilia. Akafungua mlango, sahani ya chakula mkononi, akatoka. Kicheko kikakatika palepale. Mama mmoja akainuka haraka. "Tumekosea nini, Baba?"

Akasema, "Hapana. Nilikuwa naangalia taa ya uani." Akaitazama taa, nzima kabisa, akarudi ndani. Alikula amesimama.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi, mzee aliona doa la maji kwenye dari yake mwenyewe. Mtu aliyeyapanda mapaa ya wapangaji wake kila mwaka alikuwa hajalipanda la kwake tangu msiba. Akapandisha kigoda juu ya meza, akapanda. Kigoda kikateleza. Akaanguka vibaya, mfupa wa paja ukavunjika, na kifua kikabana hata sauti haikutoka.

Akiwa pale sakafuni, akasikia kandambili zinavuka ua. Zikaja mpaka mlangoni. Zikasimama. Kwenye uwazi wa chini ya mlango aliona kivuli cha miguu miwili. Mzee akafumbua mdomo, pumzi tupu. Akaomba moyoni: bisha, mwanangu, bisha mara moja tu.

Kifuniko cha kisanduku kikafunguka, kikafungwa. Kandambili zikaondoka.

Mnajua karatasi ile iliandikwa nini? "Baba, nimesikia kishindo kwako. Kama kuna shida tuambie. Chumba namba 4."

Sauti iliporudi kidogo, mvua ilikuwa imeanza, na mabati yakivuma nani atakusikia? Alilala sakafuni mchana ule na usiku wake. Kesho yake, Jumapili, yule dada wa namba nne alipita mbele ya mlango ule amevaa kitenge chake cha kwaya. Akaenda kanisani. Akaimba vizuri, akasema amina, akarudi. Ndipo akaenda kutumbukiza karatasi kuhusu bomba lake, akaikuta ile ya jana bado imo. Akabisha. Akasikia mtu anaguna. Wanaume wanne walihangaika na mlango ule karibu nusu saa, maana kitasa alikifunga fundi asiye na mzaha.

Mzee alipona. Hospitalini yule dada alimpelekea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. "Baba, nilifika mlangoni. Nisamehe."

"Nilikusikia," mzee akasema. "Usilie. Aliyekurudisha ni mimi." Kisha kwa aibu akauliza, "Mwanangu, hivi wewe unaitwa nani?"

"Atuganile," akajibu.

Miaka minne alikuwa mpangaji wake! Kipimo cha kitasa chake alikijua, kipira cha bomba lake alikijua. Jina hakulijua.

Ndugu zangu, nani kati ya hawa wawili amekosa? Msinijibu haraka. Mimi nimewafikiria wiki nzima na sioni ni yupi anayetuhusu zaidi. Tumeezeka kanisa hili upya. Mabenchi tumeyapiga vanishi, vipaza sauti vinasikika mpaka barabarani, na hilo ni jema. Na mtu akifikwa na jambo tunamwandikia kwenye simu, "Ukiwa na shida utuambie," kisha tunalala tukijiona tumefika kwake.

Yule mama mzee aliyekuwa akikaa safu ya tatu, karibu na dirisha, leo ni Jumapili ya tatu hayupo. Nani anajua nyumba yake?

Mbona mnatazamana?

Hata mimi mchungaji wenu siijui. Kwa hiyo leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Natoka hivi nilivyo, na joho langu, nikaulize mtaani. Anayetaka tufuatane, aje.