Mashine Iliyopozwa kwa Maji

Alikuwepo mpiga video mmoja katika mji wenye joto kama huu wetu. Harusi aliwaachia wenzake. Yeye alikuwa mtu wa misiba. Msinikunjie uso, kazi hiyo ipo na mnaijua, maana video ya mazishi ikichelewa ninyi ndio wa kwanza kuulizana kwenye simu.

Na desturi yetu mnaifahamu. Tukishazika, ndugu waliotoka mbali hawakai. Wanasubiri siku ya kuanua tanga, wanakula chakula cha mwisho, wanagawana nguo za marehemu, halafu hao, stendi. Kwa hiyo video lazima iwe tayari siku hiyo, kila mtu aondoke na flashi yake mfukoni. Ikitoka baada ya hapo nani ataitazama? Bwana huyu alijulikana kwa hilo tu: hachelewi. Mkizika leo, tanga linaanuliwa flashi ziko mezani, video imekatwa vizuri, nyimbo zimewekwa, majina ya wafiwa yanapita chini ya picha.

Siri ya kasi yake ilikuwa kompyuta. Wazee wangu, nivumilieni kidogo. Na ninyi vijana wa kwaya mnaocheka huko pembeni, mtawaeleza vizuri mkifika nyumbani. Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo, hakizidi kiberiti, kinaitwa prosesa. Hicho ndicho kinachopiga hesabu zote. Waliokitengeneza walikipimia mwendo wake. Lakini mtu akijua pa kugusa anaweza kukipandisha spidi kikakimbia kuliko walivyokusudia. Nacho hakikatai, kinakimbia. Ila kinapata joto.

Joto likizidi, mashine inajizima yenyewe. Pa! Kioo cheusi. Waliweka hivyo makusudi isije ikajiunguza.

Basi mashine ya bwana yule ikawa inamzimikia karibu kila mchana. Jua likishapanda, bati linalia juu ya kichwa chake, mashine hiyo imelala. Anaguna, anatoka nje, anakaa kibarazani na mkewe anayechambua mchicha, wanaongea habari za watoto mpaka ipoe. Ikipoa anarudi ndani. Hakukipenda kile kikao hata kidogo. Alisema ni muda unaopotea.

"Baba watoto," mkewe akamwambia mchana mmoja, "kwani ukiirudisha kwenye mwendo wake wa zamani utakufa? Mimi maharage yakifurika napunguza kuni."

"Kwenye kazi yangu hakuna kupunguza kuni," akajibu. "Nikipunguza mimi, misiba inakwenda kwa mwingine."

Sikieni hilo, ndugu zangu. Mtu anaogopa misiba isimpite.

Akaenda kwa muuza vifaa vya kompyuta kutafuta kitu cha kupoza. Muuzaji akamtolea vitu viwili juu ya meza.

"Hii ni ya hewa," akamwambia. "Ni bonge la chuma tu, lina mabomba ya shaba na feni mbili. Haina mambo mengi. Lakini inapoza kwa hewa ya chumba chako, na chumba chako wewe ni tanuri. Hii nyingine ni ya maji. Pampu inazungusha maji juu ya prosesa, maji yanabeba joto yanalipeleka kwenye rejeta, kama ya gari vile, feni zinayapuliza, yanarudi yamepoa."

"Nikifunga ya maji haitazima tena?"

"Kwa joto haitazima. Ila kaka, kupoa ni kupoa tu. Ukiipandisha spidi mno itaanza kukosea hesabu hata ikiwa baridi, na haitakwambia."

"Wewe nifungie ya maji."

Mmelisikia swali lake? Hakuuliza kama mashine itakuwa nzima. Aliuliza kama itazima. Ni maswali mawili tofauti kabisa, na alilipia jibu la lile moja.

Ikafungwa. Na kweli, ikapoa. Akaiweka namba ya joto kwenye kona ya kioo, kubwa, kila mteja aione. Mchana jua likiwaka, mbwa wamejificha chini ya magari, mashine yake baridi kama asubuhi. Akawa anawaita watu waje waguse. Sasa niambieni, mtu akishapata nafuu namna hiyo anafanya nini? Anapumzika? Anashukuru? Akaipandisha spidi tena. Akaona bado baridi, akaipandisha tena. Ikawa haimzimikii kamwe. Kibarazani hakutoka tena mchana, na mkewe akawa anachambua mchicha peke yake.

Sasa katika mji ule alikuwepo mama mmoja mjane, mgonjwa wa ugonjwa uliokwisha kukataa dawa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, naye yuko ng'ambo, anafanya kazi kwenye nyumba za watu. Binti aliomba ruhusa akanyimwa. Mama akajua kwamba hawataonana tena. Akamwita yule mpiga video.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe nimezoea kukuona ukija mtu akishakufa. Mimi nimekuita kabla. Nataka kuongea na mwanangu."

Akawaomba watu wote watoke chumbani, hata mdogo wake aliyekuwa anamuuguza. Akasema haya ni ya binti yangu peke yake. Wakamvalisha kitenge kipya, wakamwegemeza kwenye mito, wakafunga mlango. Ndani wakabaki wawili, mama kitandani na mpiga video kwenye kigoda kando ya kamera. Mama akaongea. Akaongea muda mrefu. Waliokuwa ukumbini walisikia mvumo tu wa sauti yake, mara analia, mara anacheka, mara kama anaimba. Alipomaliza akajifuta macho, akamtazama yule bwana.

"Umepata yote?"

"Nimepata yote, mama."

"Umfikishie."

Wiki ile ile mama akafa. Mpiga video akaja na kamera yake akapiga mazishi kama kawaida yake. Akarudi studio, akamimina kila kitu kwenye mashine, mazishi pamoja na yale maneno ya mama. Halafu akazifuta kadi za kamera palepale, kwa sababu kulikuwa na msiba mwingine unamsubiri na kadi zilihitajika. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi: kikishaingia kwenye mashine, kadi inasafishwa. Akatazama mwanzo wa video, akatazama mwisho. Katikati hakutazama. Nani ana muda wa katikati?

Siku ya kuanua tanga televisheni ikatolewa nje, ikawekwa chini ya turubai. Mashemeji, majirani, kina mama wa jumuiya, wote wamekaa. Familia ilikuwa imekubaliana kwamba mwanzo wa maneno ya mama watausikia wote, kisha yaliyobaki yatapelekwa kwa binti na mtu anayesafiri. Mama akatokea kwenye kioo, na kitenge chake. Watu wakaanza kulia. Mama akataja jina la binti yake. Halafu picha ikapasuka.

Ikawa viraka vya kijani, viraka vya kijivu, mdomo wa mama umebaki kwenye kona moja umefunguka, haufungi. Sauti ikawa inakwaruza kama mwiko kwenye sufuria tupu. Wakasema ni televisheni, wakabadilisha televisheni. Wakasema ni flashi, wakabadilisha flashi. Mwisho wakaenda wote studio, wakafungua kwenye mashine yenyewe. Ni viraka vile vile mpaka kwenye dakika ya mwisho, pale mama anapojifuta macho. Hapo picha safi kabisa.

Mashine ilikuwa imekosea wakati wa kumimina. Ilikuwa inakosea kwa muda, hakuna ajuaye tangu lini, kwa sababu ilikuwa inakosea kimyakimya. Na pale kwenye kona ya kioo, namba ya joto imekaa chini, nzuri, kama kila siku.

Mdogo wa marehemu alikuwa na simu mkononi. Binti yuko hewani, ameshaelezwa. Akamkabidhi mpiga video ile simu.

"Kaka," binti akasema, "wameniambia. Mimi sikulaumu. Mashine ni mashine."

"Nisamehe sana, dada."

"Mama mdogo anasema mle chumbani mlikuwa wewe na mama tu."

"Ndiyo, dada."

"Basi niambie wewe. Alisema nini?"

Mpiga video akaihamishia simu sikio la pili.

"Usijali kama hukumbuki yote. Hata kidogo, kaka. Hata neno moja."

Ndugu zangu, yule bwana akafungua mdomo. Alikumbuka rangi ya kitenge. Alikumbuka taa nyekundu ya kamera, na betri iliyokuwa inakaribia kwisha. Alikumbuka kwamba alikuwa anapanga kichwani apite barabara gani ili awahi makaburi ya upande wa pili. Lakini maneno ya yule mama hakuyakumbuka, hata moja. Alikuwa amekaa naye karibu kiasi cha kumshika mkono. Mama amelia mbele yake, amecheka mbele yake, na yeye masikio yake mazima. Hakusikia kitu.

"Dada," akasema, "mashine haikuwa na joto. Nakuapia. Haikuwa na joto kabisa."

Huyo ndiye mpiga video, na hayo ndiyo majibu aliyompa mtoto wa watu.

Naona wengine mnanitazama mkisubiri niseme kwamba baadaye nakala ilipatikana mahali. Haikupatikana. Mama yule amezikwa na maneno yake, na binti yake yuko ng'ambo anapiga pasi nguo za watu huku akijaribu kuyabuni. Nasikitika kuwaambia hivyo asubuhi ya Jumapili, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa tumwache yule bwana. Tuje kwetu. Sisi hapa tumekuja kufanya nini leo?

Mimi nitasema, mnikasirikie baadaye. Tumekuja kupozwa. Tunakimbia wiki nzima mwendo ambao Mungu hakutupimia, tunafika Jumapili tunatoa moshi. Tunaimba, tunaomba, tunalia kidogo, mchungaji anazungusha maji kama pampu, na tukitoka mlangoni tunasema, "Leo nimejisikia vizuri, nimepata amani." Halafu amani hiyo tunaifanyia nini? Tunapandisha spidi. Tumemfanya Mwenyezi Mungu rejeta! Tumemfunga mgongoni atubebee joto, tupate kuendelea vile vile.

Kuna mtu hapa alikuwa halali usingizi kwa sababu ya ndugu yake aliyekosana naye. Lile lilikuwa joto, ndugu yangu, lilikuwa linakuzima ili uende kwake. Ukaja tukakuombea, sasa unalala vizuri. Na ndugu yako je? Bado yuko pale pale, na wewe unakoroma. Kuna mama hapa roho ilikuwa inamchoma kila akimwona mwanawe anavyokonda na kunyamaza. Tukamwombea, roho ikatulia. Mtoto bado ananyamaza. Tukaandika kwamba maombi yamejibiwa!

Nawauliza jambo jepesi. Mama yako alipokupigia simu wiki hii alisema nini? Usiniambie "alisalimia." Alisema nini? Mume wako jana mezani aliongea kuhusu nini? Mtoto wako alipokuvuta nguo pale mlangoni alitaka kukuonyesha nini? Jibuni kimoyomoyo, mimi sihitaji kusikia.

Naona vichwa vimeinama. Na mimi hainipi raha kuviona, lakini sitawaambia mviinue. Ile simu iliyompata mpiga video inakuja kwa kila mmoja wetu, na kwa wengine hapa imekwisha kulia. Siku mtu atakapotuuliza, "Ulikuwa naye, alisema nini?" sisi tutajibu kwamba tulikuwa na amani? Kwamba tulihudhuria ibada zote? Kwamba hatukuwahi kupata joto?

Mmezoea mwisho wa mahubiri ninyooshe mikono niwaombee utulivu. Leo mikono yangu itabaki hapa hapa juu ya mimbari. Utulivu mnao mwingi mno. Leo nawaombea joto. Liwapate dukani, liwapate ofisini, liwapate shambani mkiwa na haraka zenu. Bwana aliache liwachome, asiwaondolee upesi. Liwazime mchana kweupe kazi ikiwa haijaisha, wakati mtu wenu bado anaongea.

Tusimame.