Futari ya Mkopo ya Bi Lubaba

Inasimuliwa kwamba aliyemfumbua macho Bi Lubaba ni wifi yake, Unaisa, katika mji wa Basra, zama za waja wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Bi Lubaba alikuwa mjane mcha Mungu, msokotaji wa nyuzi za sufu. Kila Ramadhani alifuturisha maskini. Nyama, samli na tende alikopa dukani kwa Harithi, akijiambia, "Nakopa kwa ajili ya Mungu, na Mungu atalipa." Alilipa kidogo, akakopa zaidi, wala hakuuliza deni limefika wapi.

Alasiri moja Unaisa alimkuta akichambua tende.

"Wifi, leo anatufuturisha nani?"

"Si mimi? Au umesahau mlango?"

"Mlango naujua. Natoka kwa Harithi. Wanawe wanafuturu mkate mkavu, maana mali yao imo matumboni mwa wageni wako. Thawabu uchukue wewe, njaa waione wao!"

Bi Lubaba alitaka kukasirika, lakini neno lilikwisha kumwingia. Mji mzima ulimwita Mama wa Maskini. Akisema kweli, heshima ile itakwenda. Akinyamaza, ataendelea kuwa karimu kwa mali ya watu, na akifa, deni litamfuata kaburini.

Akazibeba tende na samli, akazirudisha dukani. "Nihesabie deni lote, baba, usinifiche hata kijiko."

Harithi alipomaliza kuhesabu, Bi Lubaba alilikiri deni lote. Wakapatana alipe kila Ijumaa kwa nyuzi zake, asikope tena.

Jioni aliwakabili wageni mlangoni. "Nisameheni, ndugu zangu. Chakula nilichowapa kilikuwa cha Harithi. Leo nina maji tu."

"Kumbe sadaka ya mkopo!" mmoja akacheka, na wengine wakaondoka wakinong'ona. Bi Lubaba akafuturu maji.

Akasubiri, akasokota. Ramadhani nyingine ikaja ikapita, nyumba yake kimya. Hata Ijumaa moja Harithi akanyanyua mikono juu: "Alhamdulillahi! Bi Lubaba, sikudai tena hata punje!" Bi Lubaba akasujudu palepale dukani, naye Unaisa aliyemsindikiza akapiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama.

Tujue, enyi waumini, haki ya mwenye mali hutangulia ukarimu wetu, na Mola hapungukiwi na kidogo chetu cha halali. Ama Bi Lubaba, asubuhi iliyofuata alinunua kibaba cha unga kwa fedha taslimu, akaoka mkate mmoja, akaumega, nusu akampelekea jirani mgonjwa.