Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Karuthiru

Kabla sijafungua mdomo, apa. Apa kwa macho yako mawili kwamba haya hayatoki hapa. Umeapa? Vizuri. Mimi nami niliapishwa, tena mbele ya kitabu chenyewe, na hadi jana nilikuwa nimewaambia watu sita tu. Wewe ni wa saba. Sogea.

Huko Karuthiru, juu kwenye ukungu na mashamba ya viazi, zipo familia kumi na mbili za Wayahudi, weusi kama mimi na wewe, wenye sinagogi ya mabati na kitabu kimoja cha Talmudi. Talmudi ni mabishano ya walimu wao wa kale: huyu anasema hivi, yule anamkatalia, na mpaka leo hakuna aliyenyamaza. Kitabu chao kilihusu vitu vilivyopotea, nani akiviokota ni vyake na nani avirudishe. Mzee Gera ndiye aliyewaanzisha kukisoma. Akafa wakiwa ukurasa wa kumi na tisa. Wakabaki watatu.

Elishama, fundi cherehani, alikuwa na jicho na sauti. Maandishi ya kitabu kile hayana irabu wala nukta. Ni herufi zimebanana kama siafu. Elishama aliyasoma kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe. Maana yake? Katika maneno kumi hakujua hata moja. Lakini bila yeye kitabu kilikuwa karatasi zilizomwagikiwa wino.

Nahshoni alikuwa na ulimi. Miaka kumi na mmoja aliwapikia Waisraeli waliojenga barabara, akarudi na Kiebrania cha jikoni. Kiaramu, ambacho ndicho nusu ya Talmudi, alikisaka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Bando likiisha, masomo yanasimama.

"Rabi wetu amezimia," Elishama humtania. "Mwongezeeni emibii."

Lakini bila yeye, sauti ya Elishama ingebaki kelele tamu.

Na Zipora, binti wa marehemu Gera, alikuwa na kichwa. Akisikia mara moja, basi, limekaa. Walimu wa kitabuni wakigombana ukurasa wa tisini juu ya neno lililosemwa ukurasa wa ishirini na moja, wanaume wale wawili hukodoleana macho. Zipora, upande wa pili wa meza, anamenya viazi.

"Mlishalisoma hilo," anasema bila kuinua uso. "Ukurasa wa ishirini na moja, katikati. Mwalimu huyo huyo alisema kinyume. Rudini."

Wanarudi. Lipo. Bila yeye wangekuwa bado wanazunguka palepale kama ng'ombe wa kupura ngano.

Ikawa miaka saba, kitabu kikakaribia kwisha. Sasa desturi ya Karuthiru ni hii: siku ya kufunga kitabu kuna karamu, mistari ya mwisho inasomwa mbele ya wote, kisha linatajwa jina la marehemu mmoja, na watu wote wanamwombea. Jina moja tu. Elishama alilitaka la kaka yake, aliyezikwa mbali bila mtu wa kumsomea dua. Nahshoni alilitaka la mkewe. Zipora alilitaka la baba yake, maana kitabu kilikuwa chake tangu ukurasa wa kwanza.

Wakampelekea shauri hilo Mzee Asafu, mkuu wa sinagogi.

"Elishama atasoma," Asafu akaamua. "Majina ya marehemu wa nyinyi wanaume wawili yatiwe kwenye kofia, moja litolewe. Wewe Zipora, mwanangu, tupikie mukimo wa viazi vya kuponda."

"Mukimo nitapika, mzee. Na baba yangu?"

"Gera alianza tu. Kuanza, nani hajaanza?"

Zipora akawageukia wenzake. Elishama akaangalia viatu vyake. Nahshoni, aliyesahihishwa naye mara mia mbili, akajidai anatafuta kitu kwenye simu. Hapo ndipo Zipora alipochomwa. Asafu hakujua lolote. Hawa walijua, wakanyamaza. Akaenda kuinjika sufuria, na kila kiazi alichokiponda alikiponda kwa jina la mmoja wao.

Jumapili asubuhi sinagogi ilijaa. Elishama akafungua kitabu, akafunua, akafunua tena, akapauka. Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono.

Wanawake wakapiga mayowe. Nahshoni akainua simu juu, akaizungusha: ukungu ulikuwa umeshuka, mtandao hakuna.

"Mistari ninayo," ikasema sauti toka mlangoni. Zipora alikuwa anafuta mikono kwenye aproni. "Kichwani."

Akaisema mistari ile yote, kwa lahani ileile ya Mzee Gera, bila kukwama. Wazee wakalia. Asafu mwenyewe alijipangusa. Zipora akavuta pumzi.

"Na dua hii ni ya Ger..."

"Ngoja, dada," Nahshoni akasema polepole. "Mistari hiyo tuliiacha kwa ajili ya leo. Mimi sijawahi kuiona. Elishama hajaitamka. Wewe umeisikia kwa nani?"

Zipora akaushika mfuko wa aproni yake.

"Na herufi hizi hujafundishwa na mtu," Elishama akaongeza.

"Miaka saba nimekaa upande wa pili wa meza," Zipora akasema. "Mliwahi kuniuliza kama naona? Nazisoma. Zikiwa zimepinduka, lakini nazisoma."

Mke wa Asafu hakungoja zaidi. Aliutia mkono kwenye mfuko wa aproni ya Zipora, akautoa mbele ya macho ya watu wote: ukurasa wa mwisho, umekunjwa mara nne, unanuka kitunguu.

Wengine walisema afukuzwe, aliyekata kitabu kitakatifu. Wengine walisema wezi ni wale wawili walionyamazia haki yake. Asafu ameshika karatasi, watu wote wamesimama tayari kuomba, na jina bado halijatajwa.

Elishama aliyewapa sauti, Nahshoni aliyewapa maana, Zipora aliyewakumbusha kisha akawaibia. Haya, wewe uliyekaa kimya hivyo: karatasi ile ingekuwa mkononi mwako, ungemtaja marehemu wa nani?