Jiwe Bado Lipo

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika milima ya Uhabeshi, waliishi waja wa Mungu walioweka nadhiri ya kumchongea Bwana nyumba ya ibada ndani ya mwamba mmoja. Hawakupanga mawe kama wajengavyo wengine. Walianzia juu ya mwamba wakashuka nao, wakiondoa jiwe lisilotakiwa na kuliacha lile litakalokuwa ukuta, nguzo na dari. Kazi hiyo haina huruma. Mjenzi wa matofali akikosea hubomoa akaanza upya, lakini jiwe likishabanduka kwenye mwamba, nani atalirudisha?

Wanawake wa kijiji ndio waliotoa vifusi shimoni kwa vikapu. Na ilikuwa desturi yao, kila abebaye kikapu humwambia mchongaji, "Bwana apokee," naye mchongaji hujibu, "Pamoja na jasho lako." Hakuna kikapu kilichopanda bila maneno hayo.

Mmoja wa wachongaji aliitwa Kiros, aliyekabidhiwa nguzo iliyo karibu na madhabahu. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ilipokaribia, akatamani nguzo yake iwe ya kwanza kukamilika. Haraka ikamponza. Akapiga tindo kwa nguvu mahali palipotaka mkono mwepesi, na pembe ya kichwa cha nguzo ikabanduka, ikamwangukia miguuni.

Msimamizi wa kazi alikuwa mtawa, Abba Besrat, mtu wa saumu na sala, mchongaji asiye na mfano. Ila ulimi wake, Mungu amrehemu, ulikuwa mkali kuliko tindo lake. Aliitazama nguzo, akasema mbele ya wote, "Mkono wako ni wa kubomoa, Kiros. Mungu hakukupa wewe kazi hii." Akiisha kusema hayo, akaenda zake kusali. Na sisi tunalijua sana jambo hilo, kumvunja mtu moyo na kwenda kupiga magoti.

Neno lile lilimkaa Kiros kifuani. Kila aliposhika tindo, alilisikia tena, akaliweka tindo chini. Mwenzake mmoja akamnong'oneza azibe pengo kwa chokaa na unga wa mawe, Abba asijue. Kiros akakataa, kwa maana hakutaka kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake Mungu. Lakini nguvu za kuendelea hakuwa nazo. Akafunga vyombo vyake katika ngozi ili arudi kuchunga mbuzi wa baba yake, huku akijua kwamba anaivunja nadhiri, na uchungu wa jambo hilo ukamliza.

Kile kipande kilichovunjika kilikuwa bado chini, maana hapakuwa na mwanamke aliyependa kukibeba. Ndipo akaja mjane aitwaye Lemlem. Akainama, akakitia kikapuni mwake, akasema, "Bwana apokee."

"Asikipokee hicho, Mama," Kiros akasema. "Hicho ni kosa langu."

"Ni kosa lako, mwanangu. Sikuja kukuambia hukukosea. Lakini mimi nimebeba vifusi vya nguzo hii tangu ilipokuwa mwamba mtupu, haionwi na mtu ila wewe. Mkono ulioitoa humo ni huo huo ulio nao. Kilichoanguka nitakibeba mimi. Wewe tazama kilichobaki. Jiwe bado lipo."

Kiros akaitazama nguzo. Kisha akafungua ngozi yake, akamwendea Abba Besrat, akasema mbele ya wale wale waliomsikia akikemewa, "Abba, niliyevunja ni mimi, na kwa idhini yako nitakayeinyosha ni mimi." Abba akaguna tu, akampa ruhusa.

Kazi ikaanza upya. Kiros aliipunguza nguzo yote, kila upande, hadi ukafika usawa wa pale palipovunjika, kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi. Sikukuu ikapita, nguzo haijakamilika. Wengine wakamcheka. Lakini kila asubuhi Mama Lemlem alishuka na kikapu chake na kumwambia, "Piga, mwanangu. Jiwe bado lipo," naye akapiga. Nguzo ikasimama, nyembamba kuliko zote, imenyooka, inabeba dari pamoja na wenzake.

Miaka ikapita. Ikabaki kuchonga msalaba juu ya mlango, kazi ambayo Abba Besrat aliiweka kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amezeeka. Tindo likateleza, na mkono mmoja wa msalaba ukakatika, ukaanguka. Wachongaji wakaacha kupiga. Macho yote yakamgeukia Kiros, na wapo waliongojea kwa hamu kusikia atasema nini.

Kiros akainama, akakiokota kile kipande, akakitia kikapuni kwa mikono yake. "Bwana apokee, Abba," akasema. "Jiwe bado lipo."

Mzee akatokwa na machozi. "Unakumbuka nilichokuambia siku ile?"

"Nakumbuka, Abba. Lakini nakumbuka zaidi nilichoambiwa baada yake."

Wakauchonga pamoja ule msalaba, wakiuingiza ndani zaidi ya ukuta. Nao wasimulizi husema kwamba misalaba mingine ya nje ililika kwa mvua, lakini ule haukufikiwa na mvua.

Ndugu zangu, Bwana wetu hakuwahi kusema kwamba hatukukosea. Alikibeba kilichoanguka, akatuambia tuinuke. Basi kama yupo uliyemwambia neno la kumvunja moyo, usianze kwa kusali. Mfuate kwanza. Huenda anafunga vyombo vyake sasa hivi, na bado hajafika mbali.