Robo Nane za Mbwarali

Siku ya khitma ya marehemu mumewe, Mungu amrehemu, Bi Mwanakheri alioka mikate minne ya sinia ili mayatima wake wapate kula. Shemejiye Mbwarali, tajiri asiyeshiba, akadai mitatu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo.

"Mitatu tu, shemeji?" akasema Bi Mwanakheri. "Mtu wa cheo chako! Chukua robo nane."

"Nane! Hapo umeniheshimu. Na watu wote wasikie!"

Bi Mwanakheri akakata mikate miwili, kila mmoja vipande vinne, akampa. Mbwarali akahesabu hadi nane, akatoka kifua mbele. Mlangoni akageuka.

"Na hiyo miwili mizima?"

"Ya mayatima, shemeji. Wao hawakujaliwa nane."